Ya Hosteli: Kweli au Uongo?

Kijana wa Msangano akipata nafasi ya chuo, MUST au TEKU, hupanda gari la Mbeya na mizigo miwili: kiroba cha unga wa ulezi aliofungiwa na mama, na mawaidha ya kila aliyemtangulia chuoni. Unga hauna shida. Hayo mengine tuyapime, maana nawe umeyasikia.

"Mbeya baridi, malaria itoke wapi?"

Nusu kweli. Mji uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Lakini likizo uliila wapi? Msangano ni bondeni, kuna joto na majaruba ya mpunga, mbu aina ya Anopheles wanastarehe. Ukiumwa na mbu usiku wa kuamkia safari, homa huja wiki moja au mbili baadaye, wakati mwingine zaidi, nawe uko darasani Mbeya ukiambiwa ni mafua ya baridi. Tena kinga ambayo mwili umeijenga kwa kuugua malaria tangu utotoni hupungua ukikaa muda mrefu pasipo na ugonjwa huo. Kwa hiyo yule wa mwaka wa tatu anayerudi nyumbani kifua mbele, "mimi mzawa, chandarua cha nini?", ndiye wa kuhurumiwa. Homa ya baada ya likizo haikisiwi, hupimwa: tone la damu kidoleni, na jibu halizidi nusu saa.

"UTI huambukizwa na choo cha hosteli."

Uongo. Mara nyingi bakteria hao hutoka utumboni mwako mwenyewe, na wasichana huugua zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Kichekesho ni hiki: anayekiogopa choo hunywa maji kidogo na kubana mkojo kuanzia kipindi cha asubuhi hadi jioni, na hapo ndipo bakteria wanapopata mwanya. Choo kichafu kina kesi zake, kuhara ikiwemo. Hii tusikibambikie.

"Vidonda vya tumbo huletwa na pilipili, na njaa bumu la mkopo likichelewa."

Uongo, ingawa tumbo lenye kidonda tayari litakulalamikia kwa yote mawili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria aina ya Helicobacter pylori kwa makusudi, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kuwa bakteria huyo huleta vidonda vya tumbo. Mshitakiwa wa pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, hasa zikimezwa kila siku.

"Bila kukesha, mtihani wa UE hutoboi."

Uongo. Ubongo hutunza ulichosoma ukiwa usingizini. Na enaji ya saa nne usiku? Saa tisa alfajiri karibu nusu ya kafeini yake bado imo damuni.

"Uji wa ulezi hujenga mwili."

Hapa mama kashinda. Kweli tupu. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Mahindi hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya hapo. Wazee waliouacha uchachuke kwanza nao walikuwa sahihi, kwani kuchachuka huurahisishia mwili kufyonza madini. Kiroba kikiisha katikati ya muhula, mabasi ya kutoka Tunduma bado yanapokea vifurushi.