Mnunuzi wa Mashua Atazame Ngamani

Mashua ya mbao ikizeeka humla mwenyewe fedha kila mwaka kwa kukalafatiwa na kubadilishwa mbao. Ndiyo maana huko Uingereza mabaharia wengi wa likizo wameiacha, wakatafuta ya faibaglasi iliyokwisha tumika. Aina ijulikanayo sana ni Westerly Centaur, ya futi 26, iliyoundwa tangu 1969 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 2,000. Ina mikuku miwili, hivyo maji yakipwa husimama wima topeni, haiangukii ubavu.

Lakini, ndugu askari, sifa hiyo ndiyo yenye hatari yake. Kila chombo kikaapo chini, uzito wake huisukuma mikuku nje, na baada ya miaka mingi pale inapoungana na tumbo la chombo hupata nyufa. Rangi mpya huzificha vyema. Mnunuzi hana budi kufunua sakafu, akamulike bolti ngamani. Akikuta maji, muuzaji atasema ni ya mvua; na ayaonje, kwani ya chumvi hayakushuka kutoka mbinguni. Mkuku ukilegea katikati ya bahari, hakuna fundi wa kuitwa.

Kisha hati. Chombo kidogo cha starehe baharini huko hakilazimiki kuandikishwa, kwa hiyo hati za mauzo za wenyewe waliotangulia ni ushahidi mkubwa. Nambari ya injini nayo ilinganishwe na ya karatasini, jambo ambalo polisi hawahitaji kufundishwa.