Chanjo ya kipindupindu: nani alipe?

Mwanzoni mwa mwaka 2009, wakazi wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba, zilizokuwa zikikumbwa mara kwa mara na kipindupindu, walipewa bure chanjo ya kunywa. Kila mmoja alitakiwa kupata dozi mbili. Watu wapatao 48,000 walistahili kuchanjwa, lakini waliokamilisha dozi zote mbili ni takriban nusu yao.

Hali hiyo inazusha swali linalowashughulisha wachumi na wataalamu wa afya: ikiwa chanjo ya bure iliwafikia kikamilifu nusu tu ya walengwa, ni wangapi wangeipata kama ingeuzwa?

Maneno si fedha

Watafiti wamelitafuta jibu majumbani, katika miji kama Beira nchini Msumbiji na Kolkata nchini India. Mkuu wa kaya huelezwa juu ya ugonjwa, chanjo na muda wa kinga yake. Kisha hutajiwa bei na kuulizwa iwapo angeinunua kwa ajili yake na jamaa zake. Kaya mbalimbali hutajiwa bei tofauti, ili ijulikane wanunuzi hupungua kwa kiasi gani bei inapopanda.

Hata hivyo, mtu aweza kukubali kwa kumstahi mgeni tu. Mjini Hue, Vietnam, baadhi ya waliohojiwa walipewa usiku mzima wa kutafakari. Walipojibu siku ya pili, kiasi walichokuwa tayari kulipa kilikuwa kidogo kuliko cha wale waliojibu papo hapo.

Aidha, chanjo ya bure nayo ina gharama zake. Mchuuzi anayepanga foleni hupoteza pato la siku, na dozi mbili ni safari mbili.

Kinga ya jirani

Mlipuko wa kipindupindu uliofuata Zanzibar, mwaka 2009 na 2010, uliwapa watafiti fursa ya kupima manufaa ya chanjo hiyo. Ilibainika kuwa dozi mbili zilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 79. Isitoshe, hata wasiochanjwa walikuwa salama zaidi pale ambapo majirani wengi walichanjwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Anayelipia chanjo humkinga na jirani, lakini anapopima bei hufikiria nyumba yake tu. Kwa hiyo chanjo ikiachiwa soko peke yake, watakaochanjwa watakuwa wachache kuliko manufaa ya jamii yanavyodai.

Wapo wanaoshauri kwamba watu wazima wenye uwezo walipe kiasi kidogo, ili watoto na maskini wachanjwe bure. Wengine wanahofu kuwa bei yoyote itawatenga hasa wale wasio na maji ya bomba wala vyoo bora, ambao ndio walio hatarini zaidi.

Tangu mwaka 2013 ipo akiba ya chanjo ya dunia kwa ajili ya dharura. Uhaba ulipozidi, mwezi Oktoba 2022, iliamuliwa kwamba katika milipuko itolewe dozi moja badala ya mbili.

Chanjo haichukui nafasi ya maji safi, kwani kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Lakini kaya inayosema haina fedha za chanjo huenda tayari inalipa kwa njia nyingine: mkaa wa kuchemshia maji, nauli ya hospitali, na wakati mwingine, sanda.