Msee wa Eastlands, Hivi Ndio Unaeza Lipwa na Google Kuandika Programu Ukiwa Kwa Keja

Kama unasomea kompyuta campo, halafu likizo ndefu ikifika unakaa tu base Kayole, Dandora ama Umoja ukingoja mtu akuitie attachment, hii story ni yako.

Kuna kitu inaitwa Google Summer of Code. Ilianza 2005. Google inalipa watu posho waandike programu huria, yaani zile kila mtu anaeza fungua ndani, aone zimeandikwaje, azirekebishe na azitumie bure. Huendi Marekani na hauitaji visa. Unafanyia kwenu, na menta wako anaeza kuwa India ama Ujerumani.

Na usidhani hii ni mambo ya huko mbali. Chukua OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret 2006. KenyaEMR, ambayo vituo vingi vya afya hapa Kenya hutumia kwa wagonjwa wa HIV, imejengwa juu yake. OpenMRS imekuwa ikichukua vijana wa Summer of Code tangu 2007. So kosa dogo ukirekebisha ukiwa Donholm linaeza rahisishia nesi kazi kwa kliniki ya mtaa wenu.

Sasa, unaingiaje?

Kwanza, lazima uwe umefikisha miaka 18 na uwe mwanafunzi ama mgeni kwa programu huria. Tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi, kwa hivyo hata ukikosa fees ukatoka chuo, mlango uko wazi.

Pili, usingoje form. Kawaida mashirika hutangazwa Februari na maombi huwa Machi hadi mwanzo wa Aprili. Wasee wengi hukwama hapa: wanatokea wiki ya mwisho wakiandika "hello sir, nipe mradi". Menta hamjui, anapita. Chagua shirika moja ama mbili mapema, soma maswali ya watu, tafuta kosa dogo la wanaoanza, urekebishe, utume. Ukikosolewa usikasirike. Rekebisha tena. Hapo ndio jina lako linaanza kujulikana.

Tatu, andika pendekezo la mradi. Sema shida ni gani, utaitatua aje, na kila wiki utamaliza nini. Kama una mitihani Juni, sema. Unaruhusiwa kutuma mapendekezo 3, lakini utachukuliwa kwa moja tu. Usiibe la mtu na usiachie AI ikuandikie lote. Menta akikuuliza swali moja tu, utajulikana.

Ganji je? Inategemea nchi unayoishi na ukubwa wa mradi: masaa 90, 175 ama 350. Kwa viwango vya 2024, mradi mkubwa ulianzia dola 3,000. Unalipwa mara mbili: katikati ukipita tathmini, na mwisho. Ukilala kazini, menta anakufelisha na hayo malipo ya pili huyaoni.

Stima na bando ndio ngori ya mtaa, tunajua. Panga mapema. Kwa ploti kukiwa na kelele, kuna maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara. Andika kazi yako ukiwa nje ya mtandao, halafu utume ukipata bando. Na ukikatikiwa, mwambie menta siku hiyo hiyo. Kunyamaza ndio kunaharibia wengi kuliko blackout.

Kitu ya mwisho: kutuma maombi ni bure. Msee akikuitisha hata soo mbili "za usajili", huyo ni conman, hepa.

Na ukikosa mwaka huu? Kila kitu ulichorekebisha kinabaki hapo na jina lako, mwajiri yeyote anaeza kukiona. Mwaka ujao hutaanza kama mgeni asiyejulikana. Anza leo jioni.