Duka la Mtandaoni: Kuuza Kilichomo Kabatini

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mombasa, na duka letu limo ndani ya kabati la chumba cha kati. Mteja aliye Malindi, Garissa au Nairobi halioni kabati hilo. Yeye huona picha kwenye simu, husoma bei, hutuma pesa, kisha hungoja. Sisi ni mawifi watatu, na huu ni mwaka wa tano tukiuza leso, madera na mabuibui kwa njia hiyo. Akina mama wanaotujia kutaka ushauri huuliza ni simu gani inayopiga picha nzuri, na ni saa ngapi watu hufungua stetasi za WhatsApp. Maswali hayo yana majibu, nasi tutayagusa. Lakini lililokaribia kutufungia duka halikuwa simu wala saa. Tuliuza mali tusiyokuwa nayo.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wetu wa pili. Muuzaji mmoja wa jumla, ambaye hatukuwahi kuonana naye, alitutumia picha za mabuibui ya mikono mipana, kitambaa kizito cheusi kisicho na mng'aro. Tukaziweka picha hizo kwetu kana kwamba nguo tumezishika mikononi. Hata kumi la kwanza halijaisha, tulikuwa na oda 34, kila moja shilingi 2,500, na wote wameshalipa. Jumla ilikuwa shilingi 85,000. Hatukuwa tumepata kuona fedha kama hizo katika simu moja. Tukamtumia muuzaji shilingi 64,600, na zilizobaki tukaziita faida. Faida hiyo ikanunua unga, sukari na mafuta ya futari.

Mzigo ulifika siku ya 28 ya kufunga. Tulipoufungua, mabuibui 11 yalikuwa kama ya picha. Yale 23 yaliyosalia yalikuwa ya kitambaa chepesi. Ukiliinua moja mbele ya dirisha, unauona mkono wako upande wa pili. Ni mwanamke gani atakayekwenda kuswali Idd na vazi hilo? Tulimpigia muuzaji, akatuambia kitambaa cha kwanza kilikwisha, akatupa kinachokaribiana nacho. Siku ya pili simu yake haikupokewa.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alisema tuwapelekee wateja nguo kama zilivyo, kwani wengi watanyamaza kwa kuona haya kugombana siku ya Idd. Ni aibu kuliandika jambo hili, ila lilisemwa, na wawili waliolisikia hawakulikataa upesi. Mama mkwe wetu alikuwa amekaa kitandani akitusikiliza. "Wanangu," akasema, "hao ni watu tunaokutana nao harusini na matangani. Warudishieni pesa zao." Akavua bangili yake ya dhahabu, akaiweka juu ya rundo la mabuibui. Asubuhi tukaipeleka kwa sonara, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumewarudishia wateja 23 shilingi 57,500, mmoja mmoja, kila mmoja na ujumbe wake wa kuomba radhi.

Baada ya Idd tulikwenda kwa mwalimu wa darasa letu la akina mama kumwuliza kosa letu liko wapi hasa, maana sisi tulijiona tuliodhulumiwa. Akatusimulia habari ya Hakim bin Hizam, radhiya Allahu anhu, sahaba aliyekuwa mfanyabiashara. Alimwuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, juu ya mtu anayemjia akitaka kitu ambacho yeye hana, naye akamwuzia kisha akaenda sokoni kukinunua. Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Mwalimu akatuambia kwamba muuzaji yule alitukosea, lakini sisi ndio tuliopokea bei ya kitu tusichoweza kukikabidhi.

Hakuishia hapo, na hakika faida kubwa tuliipata katika maelezo yaliyofuata. Zipo njia za halali za kumhudumia mtu anayetaka kisichokuwapo. Mojawapo ni uwakala: mteja anajua kwamba mali si yetu, anatutuma tumnunulie, tunamtajia bei ya kweli ya dukani, nasi tunapata ujira uliokubaliwa tangu mwanzo. Nyingine ni salam, ambayo watu wa Madina walikuwa wakiitumia katika biashara ya tende: mnunuzi hulipa bei yote papo hapo, na mali hutajwa aina yake, kipimo chake na muda wa kukabidhiwa. Ipo pia istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, ambapo kitambaa, vipimo na siku hukubaliwa kabla ya fundi kuanza kushona. Tulijitetea kwamba huenda biashara yetu ilikuwa salam bila sisi kujua. Mwalimu akacheka, akauliza: mlitaja kitambaa cha aina gani? Mlitaja siku? Hatukuwa tumetaja lolote. Tulikuwa na picha ya mtu mwingine tu.

Tangu hapo hatuweki picha ya kitu kabla hakijaingia kabatini. Cha kuagizwa tunakiita cha kuagizwa, na tunaandika kitambaa, urefu na siku katika ujumbe mmoja ambao mteja huujibu kwa kukubali. Katika miezi ya mwanzo mauzo yalishuka sana, hatufichi. Maduka mengine yalikuwa na picha 200 nasi tulikuwa na 15.

Picha zenyewe tunazipiga dirishani kwenye saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Taa ya simu hutuiondoi rangi ya damu ya mzee tu. Huigeuza ikawa nyekundu kabisa, na mteja akipokea nguo huona amebadilishiwa. Nguo hutundikwa kwenye henga, havaliwi na mtu, basi hatuna haja ya kuanika sura wala umbo la yeyote. Kisha tunapiga picha ya pili, mkono ukiwa nyuma ya kitambaa, mteja aone mwenyewe kama kinapitisha nuru. Picha hiyo haina uzuri wowote, lakini ndiyo inayoulizwa zaidi.

Vipimo ni mlango mwingine wa ugomvi. Mabuibui yatokayo Dubai huandikwa 52, 54, 56 na kuendelea, na hizo ni inchi za urefu, si unene wa mvaaji. Mteja asiyejua huchagua 60 kwa sababu ni mnene, akajikuta anafagia barabara. Siku hizi hatumwulizi mteja saizi. Tunamwomba ashike utepe, apime kutoka begani hadi kisiginoni akiwa na viatu anavyovaa, atutumie namba.

Ama leso, hiyo ina mambo yake. Leso ina pindo, mji na jina, na wengi hununua jina kabla ya rangi. Zamani tulipiga picha ya mji peke yake kwa kuwa ndio unaopendeza. Mama mmoja akaagiza doti nyekundu ya kumpelekea mkazamwana wake, nasi tukaifunga na kuipeleka bila kulisoma jina. Lilikuwa jina la kijembe. Ilibidi tupige simu nyumba mbili kueleza kwamba kosa ni letu, na hatuna hakika hadi leo kama upande wa mkazamwana ulituamini. Sasa jina lina picha yake, karibu kiasi cha kusomeka herufi kwa herufi.

Juu ya malipo, M-Pesa iliyoanza mwaka 2007 ndiyo iliyowezesha biashara ya kabatini kama yetu, na ndiyo pia wanayoitegemea matapeli. Ujumbe wa kughushi huja na jina, kiasi na saa, vyote sawasawa; kwa hiyo hatufungi mzigo mpaka tumetazama salio lenyewe. Huduma ya kurejesha pesa zilizotumwa kimakosa, kwa kupeleka ujumbe kwa 456, ni rehema kwa aliyekosea, ila wapo wanaoijaribu kwa hila wakishapokea mali. Tumetenga laini ya biashara, na simu hiyo huzimwa baada ya swala ya isha. Wanaume wanaoandika usiku wa manane kuuliza bei ya dera hawanunui.

Hesabu ilituchelewa kuijua. Doti tuliyoinunua shilingi 650 na kuiuza 850 tulidhani inatupa 200. Daftari lilipoanza kuandikwa vyema, tukaona mfuko ni shilingi 15, bodaboda mpaka ofisi ya basi 60, makato na bando 30. Zilibaki 95. Jamaa akija akaomba apunguziwe mia, ambao ni udugu wa kawaida, tumeshapata hasara ya shilingi tano.

Zakati nayo ilitufundisha. Mwaka ukitimia na mali ikifika nisabu, bidhaa zote huthaminiwa kwa bei ya siku hiyo, zikajumlishwa na fedha zilizopo, na kutolewa asilimia 2.5. Huwezi kuthamini usichokihesabu, basi tulilitoa kabati zima sakafuni. Nyuma kabisa tulikuta doti 19 ambazo tulikuwa tukiamini zimeshauzwa.

Kila makala ya biashara ya mwanamke humtaja Bi Khadija, radhiya Allahu anha, nasi hatutaki kuwa tofauti. Tunakumbuka hasa kwamba yeye hakusafiri na misafara yake ya Sham. Mali yake ilikwenda mikononi mwa watu, naye akabaki Makka akingoja. Mteja wetu wa Garissa yuko katika hali hiyohiyo kila anapotuma pesa.

Kati ya wale 23 tuliowarudishia, 16 wamenunua tena kwetu. Wa Malindi alikaa mwaka mzima kimya, kisha Shaaban iliyopita akaandika kutaka mabuibui manne, ya binti zake wawili, la kwake na la mama yake. Alituma vipimo bila kuombwa. Bangili bado hatujainunua. Sonara anasema dhahabu imepanda. Mama kila tukiligusa jambo hilo hutuuliza kama mzigo wa Lamu umeshakwenda.