Usiamini risasi 3 za bahati

Wasee wa Ruiru na Thika, mtaani kwetu bunduki ni habari mbaya. Mlio usiku, mageti yanafungwa, asubuhi mnaulizana ni nani. Lakini ukishika barabara ya kutoka Ruiru kwenda Kiambu utafika Kirigiti, na huko kuna uwanja wa kulenga shabaha. Pale mlio unasikika mchana kweupe, na mwenye bunduki anapimwa na karatasi.

Wengi huenda na bastola. Leo tuongelee bunduki ndogo ya .22, kwa sababu ndiyo inayofichua haraka nani anajidanganya.

Risasi yake, .22 Long Rifle, ilianza kuuzwa 1887 na bado inatengenezwa. Kiwashio chake kimo kwenye ukingo wa kitako cha ganda. Pini ikigonga ukingo huo, risasi inatoka. Kichwa cha risasi kina gramu 2.6 hivi, kwa hivyo hata kaupepo kadogo kanakisukuma. Bunduki yenyewe ikiwa nusu-otomatiki, kama Ruger 10/22 iliyotoka Marekani 1964, kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, ganda linarushwa nje, na nyingine inaingia yenyewe.

Sasa, utajuaje kama inalenga sawa? Msee atapiga risasi 3 kwa mita 50, matundu yabanane, apige picha, aweke status: “Sniper!” Hiyo ni kama skrinishoti ya mkeka ulioshinda. Ile kumi iliyochanika mbona hukuiposti?

Kipimo cha maana kinachosha. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Piga risasi 5 kwenye shabaha ya kwanza, hamia ya pili, mpaka zifike shabaha 5. Ni risasi 25 kutoka boksi moja, bila kubadilisha chochote. Kwa kila shabaha, pima umbali wa matundu mawili yaliyoachana zaidi, katikati hadi katikati. Jumlisha, gawanya kwa 5. Na ile risasi iliyotoroka? Inahesabiwa, buda. Kisha rudia yote na risasi za kampuni nyingine, maana bunduki moja inaweza kupenda hizi na kuzikataa zile.

Ukiona matundu yamebanana lakini yako pembeni, usijali, rekebisha kilengeo. Yakitawanyika, shida ni bunduki, risasi, upepo au wewe. Kwa nusu-otomatiki angalia pia risasi ya kwanza, ile unayoingiza kwa mkono. Wakati mwingine inaenda kando na zile zinazoingizwa na bunduki yenyewe. Na risasi ikiwa dhaifu sana, bunduki inaweza kukwama.

Ukitaka kujua wakali wako wapi, kwenye Olimpiki ile duara ya pointi 10 kwa mita 50 ina upana wa milimita 10.4. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako.

Na mbona wewe usiyemiliki bunduki ujali? Kwa sababu bunduki haibaki uwanjani. Mwenye nayo anapanda matatu na wewe, anakunywa meza ya pili, anaishi ploti yenu. Kumiliki bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Sawa. Lakini cheti kinasema tu kwamba mtu ameruhusiwa. Risasi yake itaenda wapi, hicho hakijui.

Hii .22 tunayoiita ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Kutoka hapo ulipo Ruiru, kilomita moja kila upande, kuna ploti ngapi? Watoto wangapi wanacheza juu ya paa? Ndiyo maana uwanja unahitaji tuta la udongo, na ndiyo maana “tukajaribu tu kwa shamba huko Thika, hakuna mtu” ni upuzi. Kuna mtu. Hujamwona tu.

Kwa hivyo siku rafiki yako mwenye leseni akikuonyesha picha ya matundu 3 yaliyobanana, mpongeze. Kisha muulize zile zingine 22 ziliangukia wapi.