Hamira iliyo hai: Siri ya kaimati katika joto la Dubai

Ukipita katika mitaa ya Deira, Satwa au Karama mjini Dubai, hasa katika mwezi wa Ramadhani, hutakosa kukiona kitu unachokijua tangu utotoni: vidonge vya unga vinavyogeuzwa ndani ya mafuta ya moto mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Wenyeji huviita luqaimat. Sisi Waswahili tunaviita kaimati. Jina ni lile lile, na asili yake ni neno la Kiarabu luqma, yaani tonge. Tofauti ni kwamba wenyeji wa Dubai humiminia asali ya tende na kunyunyizia ufuta, ilhali Mombasa na Zanzibar kaimati huzungushwa katika shira ya sukari na iliki.

Leo hatutazungumzia shira. Tunataka kuangalia hamira, ambayo ndiyo inayoifanya kaimati ivimbe, na sababu zinazomfanya mtu aliyeumua unga miaka mingi huko nyumbani ashindwe ghafla anapofika Ghuba.

Kiumbe kimoja, kazi mbili

Hamira si dawa wala unga wa kawaida. Ni kiumbe hai cha jamii ya kuvu, kidogo mno kuonekana kwa macho, ambacho wanasayansi wanakiita Saccharomyces cerevisiae. Kikipata sukari na maji, hutoa vitu viwili: gesi ya kaboni dioksaidi na alkoholi. Mwokaji anaitaka gesi, kwa kuwa ndiyo inayoinua unga. Mpika pombe anaitaka alkoholi. Lugha ya Kiarabu ilikwishauona undugu huo zamani, kwani neno khamira, lililotupatia hamira, na neno khamr, yaani kileo, yametoka katika mzizi mmoja.

Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwa kina kazi ya viumbe hivi katika kuchachuka kwa pombe mwaka 1860. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutokana na chembe moja tu.

Hata hivyo, wazee wetu walijua kuitunza hamira bila ya maabara. Wakikuyu wa Kenya hutengeneza pombe ya asali au ya miwa iitwayo muratina kwa kutumia tunda la mti wa mvungunya. Tunda hilo huchemshwa na kukaushwa juani. Likishatumika, hamira hubakia katika nyuzinyuzi zake. Hukaushwa tena, huwekwa, na safari nyingine hutumika kuanzisha pombe mpya. Wahabeshi nao, kila wanapotengeneza injera, huweka akiba ya maji ya rangi ya manjano yanayobaki juu ya unga uliochachuka. Maji hayo wanayaita ersho, na ndiyo yanayoanzisha unga wa siku inayofuata.

Wapika bia wa nyumbani huko Uingereza, ambako sharti la leseni liliondolewa mwaka 1963, na huko Marekani, ambako sheria ya serikali kuu ya mwaka 1978 iliwafungulia njia, hufanya jambo hilo hilo kwa vipimo. Huchemsha lita moja ya maji pamoja na gramu 100 hivi za kimea kilichokaushwa, huyapoza, hutia hamira ya majimaji, kisha hutikisa chupa mara kwa mara ili hewa iingie. Baada ya siku moja au mbili hamira huwa imeongezeka na iko tayari kutiwa katika pipa kubwa.

Dubai si mahali pa kupikia pombe nyumbani

Hapa hatuna budi kusema wazi. Ni kweli kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu ulilegeza baadhi ya sheria za unywaji pombe mwishoni mwa mwaka 2020, na huko Dubai mtu asiye Mwislamu aliyetimiza miaka 21 anaweza kununua kinywaji katika maduka yenye leseni. Lakini kupika pombe nyumbani bila ya kibali, au kuiuza, ni kosa la jinai. Ukivuka tu kuingia Sharjah, mji wa jirani ambako wengi huishi kwa sababu ya kodi nafuu, pombe yenyewe imepigwa marufuku.

Kwa mfanyakazi mgeni, kosa kama hilo laweza kuishia jela na kurudishwa kwao. Mshahara uliokuwa ukilipa karo ya watoto Moshi, Kisumu au Mbale hukatika siku hiyo hiyo. Katika chumba cha kupanga kwa kitanda, ambamo watu sita au wanane hulala pamoja, ndoo moja iliyofichwa chini ya kitanda huwatia mashakani hata wasiohusika.

Kwa hivyo, ujuzi wa kuamsha hamira na tuutumie katika kaimati na mikate.

Namna ya kuiamsha

Kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, chukua kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko kimoja cha chai cha sukari na robo kikombe ya maji vuguvugu. Koroga, funika, subiri dakika 10. Hamira iliyo hai hutoa povu na harufu ya mkate. Dakika 15 zikipita bila ya povu, imwage. Ni afadhali kupoteza kijiko cha hamira kuliko vikombe viwili vya unga wakati watu wanasubiri kufuturu.

Maji ndiyo yanayowakosesha wengi. Hamira kavu huamka vizuri katika nyuzi joto 35 hadi 40, na hufa yakikaribia 60. Huko Dubai, katika miezi ya Julai na Agosti, matangi yaliyo juu ya mapaa huchomwa na jua kutwa, na bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Usiyaamini maji ya bomba. Tumia maji ya chupa ya kunywa, kisha dondosha tone juu ya kifundo cha mkono. Usiposikia joto wala baridi, yanafaa.

Chumvi usiitie juu ya hamira moja kwa moja, ichanganye kwanza na unga. Iliki haina neno, lakini mdalasini mwingi huipunguza nguvu hamira, hivyo ni bora kuutia katika shira.

Jambo jingine ni mahali pa kuumulia. Katika chumba chenye kiyoyozi kikali unga huweza kuchukua saa mbili. Katika jiko lisilo na kiyoyozi wakati wa kiangazi, dakika 40 zaweza kutosha. Ukiuacha zaidi utachacha, utanuka kileo, na kaimati zitanywa mafuta. Usiitazame saa, utazame unga. Ukiwa umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa, upo tayari.

Unaponunua, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usichukue pakiti iliyowekwa dirishani kwenye jua. Pakiti ndogo ya gramu 11 ni bora kwa mtu mmoja kuliko pakiti ya nusu kilo. Ikishafunguliwa, iweke katika chupa kavu iliyofungwa barabara, ndani ya jokofu. Joto na unyevunyevu, ambavyo Dubai haikosi, ndivyo maadui wa hamira.

Na wewe msomaji wetu uliye Tanga, Lamu au Unguja usidhani haya hayakuhusu. Duka lenye paa la bati mwezi wa Februari nalo huiua hamira vile vile. Ijaribu kwanza katika kikombe kabla ya kuitia katika unga.