Mtungi wa gesi uliochakaa usiupokee

Wiki hii tuuangalie mtungi wa gesi ulioko jikoni kwako. Wengi wetu tunabadilishana: unampelekea wakala mtungi mtupu, anakupa uliojaa. Kwa hiyo hata kama ulianza na mtungi mpya, leo huenda unapikia uliozunguka kwa watu miaka mingi. Dukani tunauliza bei na uzito, lakini hali ya chuma hatuiulizi.

Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikivuja huwa takriban lita 250 za mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Kwa asili gesi hii haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili ikuonye.

Basi kagua kabla hujaubeba. Anzia kwenye kitako, kwani ndipo unyevu wa sakafu huleta kutu. Ukiona kutu imechimba chuma, mtungi umebonyea au valvu imepinda, ukatae na uombe mwingine. Rangi mpya isikudanganye, wala usimpe fundi wa mtaani auchomelee.

Ukishaufunga nyumbani, fungua valvu jiko likiwa limezimwa, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye maungio na mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti. Mpira uliokakamaa au kupasuka ubadilishe, na mtungi usimame wima daima.

Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, na usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, unga na mafuta visipakwe, huongeza madhara.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha kuzima moto kabla ya kulala. Kufunga valvu kila usiku ni katika kuyafuata mafundisho hayo. Nawe muuzaji, kumficha mnunuzi ubovu wa bidhaa ni haramu. Na ubovu wa mtungi waweza kuangamiza familia nzima.

Wabillahi tawfiq.